Kipande cha Tatu

Jumanne ile asubuhi Chapuchapu alikalia kigoda cha kaka yake, na alikikalia kwa raha zote. Siku za kawaida kigoda hicho kilikuwa hakiguswi. Kilikuwa cha Fundi Mkubwa, na Fundi Mkubwa alikuwa mtu wa kujua hata nzi aliyetua kigodani yeye akiwa hayupo. Lakini wiki sita zilizopita Fundi Mkubwa alipasuliwa kifua, akatolewa uvimbe, akarudi nyumbani na kovu refu na amri ya kutoshika nyundo, na asubuhi hiyo alikuwa amekwenda kliniki kuonyesha kidonda. Kwa hiyo mdogo mtu akaketi mahali pa mkubwa, akafunga aproni, akaona kigoda kimemkaa vizuri tu.

Jina la Chapuchapu alipewa na wateja, na hakuwahi kulionea haya. Kiatu ambacho kaka yake angekishona siku mbili huku akikigeuzageuza, yeye alikimaliza kabla chai haijapoa. Kwamba viatu vingi kati ya hivyo vilirudi baada ya mwezi, hilo alilichukulia kuwa ni mapenzi ya wateja.

Viatu vilivyokuwa mbele yake vilikuwa vya karani wa leseni, vyeusi, vya soli ya ngozi, vyote viwili vimeachama kwa mbele. Karani alivitaka saa nne, maana hakuwa na vingine vya kuendea kazini. Chapuchapu akakata uzi, akanyoosha mkono achukue nta, akakuta nta imekwisha. Uzi wa kiatu usiopakwa nta hunyonya maji ukaoza, na hata yeye, pamoja na haraka zake zote, hakuwa fundi wa kushonea uzi mkavu.

Juu ya meza, pale pale ambapo Fundi Mkubwa huweka miwani yake, palikuwa na bahasha ya kahawia. Haikuwa imefungwa kwa gundi. Akaikung'uta, vikadondoka visanduku vitatu vidogo vya plastiki, kila kimoja na namba yake ubavuni na kipande cha nta nyeupe juu. Chapuchapu akatabasamu. Muuza ngozi alikuwa ameahidi tangu mwezi uliopita kuwaletea nta mpya ya kujaribu, na kumbe ameileta kimya kimya bila zile hotuba zake. Barua iliyokwama ndani ya bahasha hakuiona, na hata angeiona asingeisoma, kwa sababu barua za wauzaji zote husema jambo moja.

Kilichokuwa karibu na mkono ni cha namba tatu. Akaukandamiza uzi juu ya nta kwa kidole gumba, akauvuta. Nta ilikuwa ngumu kuliko aliyoizoea, ikakwaruza badala ya kuteleza, na katikati ilikuwa na doa la kijivujivu ambalo alidhani ni uchafu wa kiwandani. Akauvuta mara kadhaa mpaka ukaacha mifereji miwili mirefu. Akashona soli zote mbili, akazipiga brashi, na karani alipofika akavivaa papo hapo, akatembea hatua mbili mbele na mbili nyuma, akasema safari hii umejitahidi. Chapuchapu akaisifu nta.

Fundi Mkubwa alirudi saa sita. Alikuwa mtu mrefu wa maneno machache, na tangu apasuliwe alitembea na mkono mmoja kifuani kama anayeshikilia kifungo kisidondoke. Macho yake yalikwenda moja kwa moja mezani, kwenye visanduku viwili vizima na kimoja chenye mifereji.

"Hii umeitoa wapi?"

Chapuchapu akamweleza habari ya muuza ngozi. Akaongeza kwamba nta si mbaya ila ni kavu kidogo kwa kazi ya soli, na kwamba kama ni kununua basi wanunue chache kwanza. Yote hayo aliyasema kabla ya kumtazama kaka yake usoni. Alipomtazama akaiweka sindano chini.

Fundi Mkubwa alijishusha kwenye gunia la vipande vya ngozi, akaichomoa barua ndani ya bahasha, akampa. Chapuchapu akaisoma polepole, na huenda hilo lilikuwa jambo la kwanza maishani mwake kulifanya polepole. Ilikuwa imetoka kwa daktari wa upasuaji kwenda kwa daktari wa maabara kubwa, yule ambaye kazi yake ni kutazama nyama ya wagonjwa kwa hadubini. Ilisema uvimbe ulitoka kwenye tezi ya thaimasi, ile inayokaa nyuma ya mfupa wa kifua, na kwamba ulielekea kuwa wa seli zinazotoa homoni. Ni aina adimu mno. Daktari mwenyewe katika miaka yake yote ya kisu alikuwa ameiona mara mbili tu. Hospitali yao haikuwa na rangi za kuipimia. Tafadhali ipimwe ijulikane ni ya mwendo wa polepole au wa haraka, na ukingo wake utazamwe, ijulikane kama uvimbe ulitoka wote au uliacha masalia ndani ya mgonjwa. Vipande vitatu vya nyama vimegandishwa kwenye nta. Cha kwanza na cha pili ni vya katikati ya uvimbe. Cha tatu ni cha ukingo.

"Mbona ulituambia uvimbe ulikuwa mdogo, umetoka, basi?" akauliza Chapuchapu.

"Si umetoka kweli?"

"Na sehemu nyingine? Iliyobaki hospitali?"

"Imeshachomwa moto. Walichobakiza ni hivyo vitatu."

Chapuchapu aliirudia barua, safari hii akaanzia juu kabisa, akakutana na tarehe. Akahesabu kwa vidole. Barua ilikuwa na siku kumi na moja.

Fundi Mkubwa alisema alikuwa anakwenda nayo maabara kesho. Ukweli ni kwamba alikuwa anakwenda kesho tangu Ijumaa ya wiki mbili nyuma, na kila kesho ilipofika aliisukuma mbele kidogo. Bahasha alikuwa ameificha kabatini, chini ya mashati yake, mahali ambapo hakuna mkono wa mtu unaofika. Sasa imefikaje mezani, hilo hakuna kati yao aliyelijua, na halikuwa jambo la kulijadili wakati huo, kwa sababu Chapuchapu alikuwa ameng'amua jambo jingine. Jibu la kama kaka yake amepona au hajapona, walau sehemu yake, lilikuwa linatembea mjini chini ya nyayo za karani wa leseni. Akatoka mbio na aproni yake kiunoni.

Ofisi ya leseni ilikuwa na dirisha moja na watu kama thelathini. Chapuchapu alipotaka kupita mbele wakamrudisha nyuma kwa viwiko. Akawaeleza kwamba hataki leseni, anataka viatu, na maelezo hayo hayakumsaidia. Ikabidi aseme kuna mgonjwa. Watu wakampisha, ingawa mzee mmoja aliguna kwamba siku hizi kila mtu ana mgonjwa.

Nyuma ya kioo karani alimwangalia kwa jicho la mtu aliyekwisha kulipa.

"Viatu si tumemalizana?"

"Tumemalizana, bosi. Ila naviomba tena."

"Vina nini?"

Chapuchapu alitazama nyuma, akaona masikio thelathini yamesogea. Akaingiza mdomo kwenye kitundu cha kioo. "Ndani ya uzi wa viatu hivyo yumo kaka yangu."

Karani akatazama chini ya meza, akainua kichwa. "Yumo kivipi?"

"Kidogo. Ni nyama ya uvimbe wake, ya kwenda kupimwa. Nilipaka kwenye uzi kwa bahati mbaya."

Karani yule alikuwa na miaka kumi na minne dirishani, na katika miaka hiyo hakuna mtu aliyepita bila kuulizwa swali la pili na la tatu. Safari hii aliuliza moja tu, kama huo uvimbe unaambukiza, na alipoambiwa hauambukizi hakuamini. Alivivua viatu bila kufungua kamba, akavisukuma kwa ncha ya rula mpaka kwenye mlango wa pembeni, akarudi kwenye kiti chake na soksi. Baadaye alipoinuka kufuata faili kabatini foleni nzima ikaona kwamba soksi ya kushoto imetoboka kwenye kidole, na mtu huyo aliyeogopwa na mtaa mzima siku hiyo aligonga mihuri haraka kuliko siku zote.

Mke wa Fundi Mkubwa alikuwa dobi. Chumba cha mbele cha nyumba kilikuwa chake, na kila kitu humo kilikuwa kimekunjwa. Chapuchapu alipoingia akihema, na viatu vya karani ndani ya mfuko, alimkuta shemeji yake anapiga pasi, na kaka yake amesimama mlangoni kama mteja aliyekuja bila nguo.

Njiani alikuwa amepanga maneno: aanze na nta, kisha barua, halafu karani. Yalitoka yote kwa pamoja. Shemeji alisikiliza huku pasi ikiwa hewani. Mwishoni akaisimamisha, akaketi juu ya rundo la mashati ya wateja aliyoyanyoosha tangu alfajiri, jambo ambalo katika miaka yote ya ndoa yake hakuna aliyewahi kuliona.

"Ni mimi niliyeiweka mezani," akasema.

Fundi Mkubwa akageuka. Ndipo ikabainika kwamba mahali pasipofika mkono wa mtu palikuwa ni mahali ambapo mkono wa mkewe hufika kila siku ya Mungu kupanga mashati. Bahasha aliiona siku ya pili tu. Barua aliisoma, akaelewa nusu, na nusu ile ilimtosha. Tangu hapo kila asubuhi alimuuliza mumewe kifua kinaendeleaje, akajibiwa vizuri, na kila asubuhi akamwachia nafasi baada ya jibu hilo, nafasi ndefu kabisa, mwenzake akaijaza kwa chai. Alfajiri ile akaona yatosha. Akaichukua bahasha akaiweka pale penye miwani, ili mwenyewe akirudi kliniki aione, aone na haya.

"Si ungeniuliza tu?" Fundi Mkubwa akasema.

"Si ungeniambia tu?"

Ndivyo ilivyokuwa nyumba ile. Habari mbaya haikusemwa kwa mdomo. Ilifichwa, ikahamishwa, ikawekwa mahali ambapo mwenzako ataikanyaga. Safari hii aliyeikanyaga ni Chapuchapu, kwa sababu yeye hupita kila mahali mbio.

"Niliogopa," akasema Fundi Mkubwa, na akalisema kuelekea kwenye pasi. "Ikiwa kabatini mimi ni mzima. Nikiipeleka watanisomea."

Mkewe alitaka kukasirika, na alikuwa na haki. Akainuka akaanza kukunja upya mashati aliyoyakalia. Alisema kesho watakwenda maabara, wote watatu. Mumewe akamkumbusha nguo za watu, kwamba zinatakiwa kesho.

"Watazivaa na mikunjo," akasema.

Maabara kubwa ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa basi, na ilipokea vitu kupitia dirisha lenye wavu. Mpokeaji alikuwa na daftari lenye safu nne: damu, mkojo, nyama, mengineyo. Vipande viwili viliingia kwenye nyama bila matatizo. Cha tatu akakigeuza mara mbili kabla ya kukiandika. Kisha Chapuchapu akaweka viatu.

"Hivi ni vya nini?"

"Ni sehemu ya hicho cha tatu."

Mpokeaji alifikiri kidogo, akaandika kwenye mengineyo: viatu, jozi moja, vyeusi. Halafu akaenda kumwita daktari.

Daktari wa hadubini alikuwa mwanamke mfupi wa makamo mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani ambao bila shaka alikuwa ameusahau. Aliwaingiza kwenye chumba kidogo chenye viti viwili, kwa hiyo Chapuchapu akasimama, na alistahili. Kwanza akaagiza viatu viwekwe sakafuni. Kisha akakiinua kipande cha tatu kwenye mwanga wa dirisha.

"Aliyevuta uzi hapa ni nani?"

Chapuchapu akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mara ngapi?"

"Tano. Labda sita."

"Tano au sita?"

"Sita, daktari."

"Uliipasha moto?"

"Hapana."

"Afadhali," akasema, na neno hilo moja Chapuchapu alilishika kama aliyetupiwa kamba.

Habari ya viatu aliimaliza mapema. Alisema akichambua uzi ule atakuta gundi, rangi ya viatu na jasho la karani, na hakuna daraja lolote la uvimbe linalopimwa kwa vitu hivyo, kilichotoka kimetoka. Lakini nta hukatwa kwa mashine, vipande vyembamba kuliko unywele, kimoja baada ya kingine kwenda chini, na uzi wa fundi haukuwa umefika chini kabisa. Huenda chini ya mifereji ilibaki nyama. Kipande cha kwanza na cha pili vilikuwa salama, na hivyo ndivyo vitakavyosema daraja, yaani ukali wa uvimbe. Angevitia rangi, kisha angehesabu seli alizozikuta katikati ya kujigawa ndani ya eneo dogo sana.

"Dogo kiasi gani?" akauliza Fundi Mkubwa. Lilikuwa swali lake la kwanza siku hiyo.

Daktari akatafuta mfano mezani, akakosa. Akainama akaokota kiatu cha karani alichokwisha kukipiga marufuku, akaonyesha kichwa cha msumari kwenye kisigino. Humo nikikuta zisizofika mbili, akasema, uvimbe ni wa polepole. Nikikuta mbili mpaka kumi, au nikikuta mahali pamekufa, ni wa daraja la kati. Zikizidi hapo ni mkali. Ndugu wawili wakakitazama kile kichwa cha msumari. Katika maisha yao walikuwa wamepigilia maelfu yake na hawakujua kwamba maisha ya mtu yanaweza kuenea humo.

"Na ukingo?" akauliza mke.

"Utakaokuwepo nitausoma. Usiokuwepo sitausoma, na sitakisia."

Aliwapa siku nane.

Siku nane hizo nyumba ile iligeuka. Waliogopa kunyamaza, sasa wakasema kila kitu. Fundi Mkubwa akiulizwa kifua kinaendeleaje alitoa taarifa kamili, kinapouma akiegemea, kinapowasha akioga, kinavyofanya akipiga chafya, mpaka siku ya tano mkewe akaanza kuuliza huku akiondoka. Yeye naye alimwambia waziwazi kwamba alikuwa ameshaanza kuwaza jinsi ya kuishi bila yeye, kwamba amemkasirikia kwa kumlazimisha kuwaza hayo peke yake, na kwamba kama atakufa basi afe akiwa amemwambia kwanza. Mumewe alikubali masharti hayo.

Chapuchapu ndiye aliyekuwa na hali mbaya. Hakula vizuri. Viatu vya karani alivifumua, akavishona upya kwa nta ya nyuki, na akatumia siku mbili na nusu, kwa hiyo karani akaenda kazini na kandambili na kutishia kumshtaki kwa uvivu, shutuma ambayo Chapuchapu hakuwahi kuisikia tangu azaliwe. Uzi wa zamani alishindwa kuutupa. Aliukunja akauweka kwenye kisanduku cha viberiti, akakiweka rafuni, na kila alipopita alikitazama kwa heshima. Kaka yake alivumilia siku tatu. Ya nne akakishusha kisanduku, akakikung'utia kwenye pipa la takataka.

"Mimi niko hapa," akasema. "Huo ni uzi."

"Kaka, nisamehe."

"Umeshaomba mara ngapi?"

"Sijahesabu."

"Basi imetosha. Na ukiendelea kunitazama hivyo nitakurudisha kwenye kazi ya kupaka rangi."

Chapuchapu akajitahidi kutazama pembeni. Lakini swali lenyewe hakuwa amelitoa kwa mtu yeyote, na lilikuwa limemkalia kifuani, upande ule ule wa kovu la kaka yake.

Siku ya tisa chumba cha daktari kilikuwa na viti vitatu. Mtu alikuwa ameongeza kimoja. Daktari aliwasalimu, akafungua faili, na hakuwazungusha.

"Nimehesabu mara tatu, kwa siku tofauti. Seli nne. Na kuna doa moja dogo lililokufa. Ni wa daraja la kati."

Fundi Mkubwa akauliza hiyo maana yake ni miaka mingapi. Daktari alivua miwani. Alisema uvimbe wa aina hii kwenye tezi hii hauna adabu. Wapo waliopita miaka kumi na wanaendelea na kazi zao. Wapo ambao ulirudi baada ya miaka mitatu, mwingine baada ya minane, ukatokea kifuani tena au kwenye mifupa. Na kwa kuwa ni ugonjwa wa wachache, hata vitabu vinasema kwa kubahatisha. "Nikikupa namba," akasema, "itakuwa ya watu wengine. Yako sina."

Kisha akaja kwenye kipande cha tatu. Chini ya mifereji nyama ilikuwepo. Pande mbili za ukingo alizisoma, na zote mbili ni safi. Upande mmoja ndipo uzi ulipopita, na hapo hakukubaki kitu cha kusoma. Hajui, na hakuna mtu atakayekuja kujua.

"Nimemuua?"

Ni Chapuchapu aliyeuliza. Sauti ilitoka ndogo, na hakumtazama mtu.

Daktari alimgeukia, na hakuharakisha. "Ningeukuta upande huo safi, ningemwambia apigwe picha ya kifua kila miezi sita kwa miaka mingi, kwa sababu uvimbe huu hurudi hata kwa waliotoka safi. Sijaukuta, na namwambia apigwe picha ya kifua kila miezi sita kwa miaka mingi. Kwa ajili ya upande huo atakwenda pia kumwona daktari wa mionzi, na huenda akaambiwa aanze mionzi, wiki kadhaa, na itamchosha. Hilo ni lako, siwezi kukuondolea. Kumuua hujamuua."

Chapuchapu akaitikia kwa kichwa mara nyingi mno. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuwa na habari nayo. Shemeji yake akampa leso, ya mteja, imenyooshwa vizuri, na yeye mwenyewe akauliza lile lililomkera muda wote: je, zile siku kumi na moja za kukaa kabatini? Aliuliza huku amemkazia mumewe macho.

"Nta haiozi," akasema daktari. "Kabatini hakikudhurika kitu. Kwa kweli pale kilikuwa salama kuliko mezani."

Fundi Mkubwa alikohoa kidogo. Mkewe akaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba.

Kwenye korido kulikuwa na meza ya miadi, na muuguzi mwenye kadi mpya ya njano. Kadi ilikuwa na mistari ishirini ya tarehe, miwili kwa kila mwaka, na Fundi Mkubwa aliihesabu kwa kidole kuanzia juu mpaka chini, kisha akaihesabu tena kuanzia chini. Mkono wake haukuwa kifuani. Ulikuwa mezani, mbele ya watu.

"Naogopa," akasema, kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya soli.

"Hata mimi," akasema mkewe. Chapuchapu alikuwa bado na leso usoni, kwa hiyo yeye hakuulizwa.

Muuguzi akajaza tarehe ya kwanza. Akauliza jina la mtu wa kupigiwa simu endapo kutatokea lolote. Kule hospitali ya kwanza, kwenye nafasi hiyo, Fundi Mkubwa alikuwa ameandika jina lake mwenyewe na namba yake mwenyewe, na hakuna aliyemuuliza. Sasa alitazama kushoto, akatazama kulia.

"Waandike hawa wawili."

"Nafasi ni ya mtu mmoja, baba."

Fundi Mkubwa akainama juu ya kadi, akaupima ule mstari kwa jicho, kama anavyopima ngozi kabla ya kuikata.

"Andika herufi ndogo," akasema. "Wataenea."